Lubumbashi: Shaba, Jasho na Picha za Ukutani

Msafiri aingiaye Kongo kwa barabara ya Kasumbalesa, akitokea Zambia, hulakiwa na malori kabla hajalakiwa na watu. Yamejipanga kilometa baada ya kilometa, yamebeba mabamba ya shaba mekundu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, yakingoja zamu ya kuvuka mpaka na kuelekea bandari za Durban na Dar es Salaam. Madereva wamejilaza kivulini chini ya matela, wengine wanapika chai kwa jiko la mkaa, na wachuuzi wanapita kati yao wakiuza mayai na karanga. Kutoka hapo hadi mji wa Lubumbashi ni kama kilometa 90. Hakuna haja ya kuuliza kama umefika. Utaliona dohani la kiwanda, lenye urefu wa karibu mita 150, na pembeni yake utauona mlima mweusi.

Mlima huo haukuumbwa na Mungu. Ni mavi ya shaba, kama wahunzi wasemavyo: mamilioni ya tani za takataka zilizotolewa katika tanuru tangu kiwanda kilipoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Kila mchana na kila usiku, kwa zaidi ya miaka 80, kulikuwa na watu waliochimba, waliochukua, waliokoleza moto na waliomwaga. Siku nilipolitazama dohani lile halikuwa likitoa moshi.

Nilifika huko katika likizo yangu fupi, baada ya semina ya kikazi iliyofanyika Ndola. Mwenzangu mmoja katika semina hiyo, mtumishi wa serikali kama mimi, alinialika nyumbani kwa wazazi wake katika mtaa wa Katuba. Baba yake ni mstaafu wa migodi. "Wewe unapenda vitabu," aliniambia, "njoo ukione kitabu kimoja kilichotundikwa ukutani." Nilidhani ananitania.

Kabla sijaingia katika nyumba ile, afadhali nimweleze msomaji mji wenyewe, kwa ufupi. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906 ili kuchimba shaba ya Katanga. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, na mwaka huohuo Wabelgiji wakaanzisha mji, wakauita Elisabethville kwa jina la malkia wao. Jina la Lubumbashi lilichukua nafasi yake mwaka 1966. Wafanyakazi hawakutosha, basi wakaandikwa kutoka kila upande: Kasai, Maniema, Rhodesia ya Kaskazini, na hata Rwanda na Urundi. Hapo mwanzo walikuja vijana peke yao, wakafa wengi kwa maradhi na kazi ngumu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili mpango, ikawaruhusu kuja na wake zao na kuwapa mikataba ya miaka mitatu, nyumba, posho ya unga, zahanati na shule. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa kambi za wafanyakazi, na ndani ya kambi hizo likazaliwa kabila jipya ambalo halikuwa na kijiji, na lugha yake ilikuwa Kiswahili.

Mimi nimezaliwa katika kota za polisi nchini Uganda. Kiswahili changu cha kwanza ni cha gwaride na cha bomba la maji, kile ambacho akina mama wa makabila kumi walikitumia kugombania foleni ya ndoo. Baadaye, nilipokwenda chuo cha ualimu, nikajifunza kukinyoosha. Basi nilipofika Katuba na kusikia watu wakisema *bantu* na *batoto*, *njo* mahali pa *ndiyo*, na *tulikuwaka* mahali pa *tulikuwa*, ualimu wangu ulitaka kunyanyua chaki nyekundu. Kwa bahati nzuri nilijizuia. Baada ya siku moja nilitambua kwamba nimekwisha kuisikia lugha hiyo zamani, isipokuwa maneno yalikuwa mengine. Ilikuwa lugha ya watu walioishi nyumba kwa nyumba chini ya king'ora kimoja, kama sisi tulivyoishi chini ya tarumbeta moja. Maneno ya mwenyeji wangu nitayaandika kwa Kiswahili cha gazeti, ila pale ambapo yanakataa kunyooshwa.

Nyumba ni ya matofali, ina vyumba vitatu. Sebuleni kuna makochi manne yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma kwa mkono, kazi ya mama mwenye nyumba, na meza fupi iliyofunikwa vivyo hivyo. Tulikaribishwa kwa bukari, yaani ugali, pamoja na sombe iliyopikwa kwa mawese na samaki wadogo wakavu. Mama alinionyesha jinsi sombe inavyotwangwa mpaka majani ya muhogo yanakuwa laini kabisa, na akaniambia kwamba mwanamke wa mgodini alijulikana kwa mambo matatu: sombe yake, vitambaa vyake, na kitu alichokitundika juu ya kochi kubwa.

Juu ya kochi kubwa kulikuwa na picha.

Imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya kitambaa cha gunia la unga lililofuliwa na kuwambwa kwenye mbao. Juu kabisa kumeandikwa kwa herufi kubwa: COLONIE BELGE 1885–1959. Ni ua wa gereza. Bendera ya Ubelgiji inapepea juu ya jengo jeupe. Katikati, mfungwa amelazwa kifudifudi, wenzake wawili wamemshika mikono na miguu. Askari Mwafrika, mwenye kaptula ya kaki na kofia nyekundu ya tarabushi, ameinua kiboko. Nyuma yake amesimama ofisa Mzungu mwenye kofia ya jua, kiko mdomoni, mikono mgongoni. Wafungwa wengine wenye nguo za mistari wanapita na ndoo, hawaangalii. Upande wa kulia, nje ya ukuta, wanawake wawili wamesimama na vikapu vya chakula vichwani.

Nilishangaa. Nani atundikaye jambo kama hilo mahali pa kupokea wageni? Sisi nyumbani kwetu tulitundika kalenda.

"Ile njo ukumbusho," akasema mzee, bila ya kungoja niulize.

Neno hilo, ukumbusho, halikuwa lake peke yake. Wachoraji wa Katanga wenyewe walilitumia kutaja picha za namna hii, na wageni waliokuja kuchunguza sanaa yao katika miaka ya 1970 wakalichukua kutoka vinywani mwao. Picha ya ukumbusho haitundikwi ili ukuta upendeze, bali ili mtu aulize. Mgeni akikaa, macho yake yatapanda, ataulizia, na mwenye nyumba atasimulia. Colonie belge ndiyo iliyopendwa kuliko nyingi, ikachorwa na wachoraji wengi, tena na tena. Nyingine zilikuwa za Lumumba akiwa amefungwa kamba, za vita vya kujitenga kwa Katanga, za kijiji cha mababu, na za mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki anayempa mtu mali na kumnyima amani.

Mwaka 1885 ni mwaka ambao Mfalme Leopold II aliifanya nchi ile kuwa mali yake binafsi; Ubelgiji yenyewe iliichukua mwaka 1908. Mwalimu wa historia angesahihisha maandishi yale. Mchoraji hakuijali tofauti hiyo, kwa sababu mgongo uliochapwa haukuijua.

Nilimwuliza mzee ni watu gani walionunua picha hizi. Alicheka. "Ni sisi. Nani mwingine?" Siku ya mshahara mchoraji alipita kambini na picha zake chini ya kwapa, akigonga mlango kwa mlango kama muuza samaki. Fundi wa umeme alinunua, karani alinunua, dereva wa treni ya mgodini alinunua. Mara nyingi mume ndiye aliyetoa fedha na mke ndiye aliyechagua. Mtu alipata picha kwa bei ya vitu vidogo vya nyumbani, na asipokuwa na fedha zote alilipa nusu, akamalizia mwezi uliofuata. Rangi ilipofifia au panya walipotafuna, alinunua nyingine.

Hapa ndipo nilipoanza kuielewa maana ya mwenzangu aliyeniita. Shuleni tumezoea kufundishwa kwamba sanaa inatoka juu na kumshukia mfanyakazi, ikishuka kwa hisani. Mji huu umepata kujaribu njia hiyo pia. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Humo walitokea wachoraji hodari kweli: Pilipili Mulongoy na samaki na ndege zake, Mwenze Kibwanga na mistari yake midogo isiyohesabika, na Bela, mtumishi wa Desfossés mwenyewe, ambaye alichora kwa ncha za vidole. Nimeziona picha zao zilizochapishwa. Ni nzuri mno. Lakini ndani yake hamna dohani, hamna posho, hamna tarabushi. Zilinunuliwa na Wazungu, zikavuka bahari. Mwalimu wao alifariki mwaka 1954. Sisemi kwamba wale hawakuwa Waafrika wa kutosha, maana hayo ni maneno ya kipuuzi. Nasema tu kwamba sijamsikia mfanyakazi hata mmoja wa Katuba aliyenisimulia kwamba babake alikuwa na picha ya Pilipili sebuleni.

Mchoraji anayetajwa zaidi kati ya wale wa mlango kwa mlango ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1947. Yeye aliuza colonie belge kama wenzake ili apate kula, lakini alikuwa na shauku kubwa zaidi: alitaka kuichora historia nzima ya nchi yake, kuanzia mababu mpaka siku zake. Mwaka 1973 na 1974 aliifanya kazi hiyo, picha zaidi ya 100, akimpelekea Johannes Fabian, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyekuwa akifundisha Lubumbashi. Kila alipopeleka mafungu ya picha alikaa akazisimulia kwa Kiswahili, na maelezo yake yakarekodiwa katika kanda. Alijiita mwanahistoria. Kitabu cha picha hizo pamoja na masimulizi yake kilitoka mwaka 1996, lakini yeye hakukiona: tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hajulikani alikokwenda. Picha zenyewe zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Amsterdam, nchini Uholanzi.

Moja kati ya hizo inaonyesha tarehe 9 Desemba 1941. Msomaji askari anisamehe, lakini siwezi kuiruka. Ilikuwa wakati wa vita vikuu vya pili. Shaba ilihitajiwa, kazi ikaongezwa, bei za nguo na chakula zikapanda, mshahara ukabaki palepale. Wafanyakazi Wazungu walikuwa wamekwisha kugoma na kusikilizwa. Waafrika walipogoma, walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville wakidai nyongeza, na mmoja wa viongozi wao akiwa karani aliyeitwa Léonard Mpoyi. Askari wa Force Publique waliamriwa kupiga risasi. Mpoyi aliuawa, na pamoja naye makumi ya watu. Hesabu ya serikali na hesabu ya mitaani hazikulingana wakati ule, na hazilingani mpaka leo. Gazeti la siku zile halikuwaandika kwa majina. Aliyewaandika ni mchoraji wa magunia ya unga, aliyezaliwa miaka sita baadaye, kwa kuwa alisimuliwa.

Nao walioamriwa kupiga walikuwa nani? Walikuwa watoto wa vijiji vilevile. Mwaka huohuo wa 1941 wenzao walikuwa Abyssinia wakiwashinda Waitaliano, na mwezi wa Februari 1944 askari wa Luluabourg waliasi wenyewe.

Usiku ule, baada ya kula, mzee alimwita mjukuu wake wa kike, mwenye miaka kama kumi, asimame mbele ya picha na kuieleza. Ni desturi ya nyumba ile mgeni akija. Mtoto aliieleza kama somo alilokariri, akigusa kila mtu kwa kijiti cha ufagio: huyu alikataa kazi, hawa wamelazimishwa kumshika, huyu Mzungu hatasema neno, mama hawa wameleta chakula na hawajui kama kitaliwa. Alipofika kwa askari, akasema, "Huyu ni polisi." Mwenzangu, kwa mzaha, akamwambia kwamba baba yake mgeni pia alikuwa polisi. Mtoto akageuka akanitazama kwa makini, kisha akauliza: "Papa yako alichapaka batu?"

Mama akamkemea. Mzee hakumkemea. Mimi nilijibu kwamba sijui, na huo ndio ulikuwa ukweli, kwa sababu katika miaka yangu yote, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, sikuwahi kumwuliza.

Mzee akaona nimefadhaika, akanivuta karibu na picha. "Angalia uso wake, mwana. Mzungu hana jasho. Mfungwa analia, lakini uso umefichwa na udongo. Mwenye uso ni huyu." Ilikuwa kweli. Mchoraji alikuwa ametumia rangi nyingi kwa yule askari kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Paji la uso lina matone, midomo imekazwa, na macho hayatazami mgongo anaoupiga, yanatazama upande wa wale wanawake. "Huyu naye alikula posho," akasema mzee. "Na mmoja wa wale mama, pengine ni wake."

Nilikesha nikifikiri juu ya uso ule.

Asubuhi nilipata habari nyingine, iliyonigusa zaidi: picha ile si mali ya mzee. Ni amana. Zamani alikuwa akifanya kazi Likasi, na jirani yake alikuwa mtu wa asili ya Kasai, fundi wa mitambo, aliyezaliwa Katanga kama watoto wake walivyozaliwa Katanga. Katika mwaka 1992 na 1993 wanasiasa waliwachochea watu dhidi ya Wakasai, na makumi ya maelfu ya familia zikafukuzwa katika nyumba zao. Huko Likasi na Kolwezi walilala kwa miezi katika stesheni za reli, wakingoja treni ambazo hazikuja. Jirani yule alikuja usiku na picha ikiwa imeviringishwa katika shuka. Alimwambia mzee: nitunzie hii, mtoto wangu akija, mpe. Hajaja mtoto.

Na miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa. Katika mwaka 1986 kampuni ya Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière, ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mitambo ikachakaa bila ya vipuri, nchi ikaingia katika misukosuko, na katikati ya miaka hiyo ya 1990 shaba yote ya mwaka haikufika hata sehemu ya kumi ya ile ya zamani. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, amekiita kitabu chake juu ya familia hizi kwa jina lenye maana ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba ndiyo kampuni.

Mshahara ulipokwisha, na wachoraji wakaisha. Hili sikuwa nimelifikiria. Hakuna aliyewapiga marufuku, hakuna aliyechoma picha. Ni kwamba mlango ulipogongwa siku ya mwisho wa mwezi, aliyekuwa ndani hakuwa na kitu. Wachoraji wengine walikuwa wa asili ya Kasai, wakaondoka pamoja na wanunuzi wao. Waliobaki walianza kuchora kwa ajili ya watalii na wafanyakazi wa mashirika ya kigeni, nao hao walitaka twiga na machweo ya jua. Nyumbani, mzee aliuza baiskeli, akauza redio, akauza cherehani ya mama. Picha hakuiuza.

Hivi karibuni alifika mnunuzi. Picha za aina hiyo, zile za miaka ya 1970, zinatafutwa sasa Ulaya na Marekani. Aliitazama nyuma na mbele, akataja kiasi cha dola ambacho mzee hakuwa amekishika kwa mara moja tangu aache kazi. Mzee akasema si yake. Mnunuzi akaongeza. Mzee akasema tena si yake.

"Mimi ningeiuza," mama aliniambia jikoni, wala hakushusha sauti. "Mtoto huyu alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa ada. Jirani akija leo nitamwambia: nilikulishia jina lako kwa miaka thelathini, nikamsomesha mtoto kwa picha yako, nisamehe. Na mtu yule alikuwa mwema, angenisamehe."

Sikuwa na jibu. Nikiwa naye jikoni nilimwona yeye ndiye mwenye haki, na niliporudi sebuleni nikamwona mzee ndiye mwenye haki. Mwenzangu, ambaye ni mtoto wao, anatuma fedha kila mwezi na amekataa kuamua.

Isidhaniwe kwamba picha peke yake ndizo zilizotoka katika mikono ya watu hawa. Mwaka 1965 watumishi wa nyumbani wa zamani, wapishi na maboi, waliandikisha historia ya mji kwa Kiswahili chao, ikapigwa chapa kwa mashine, ikajulikana kwa jina la Kifaransa la Vocabulaire de la ville d'Elisabethville. Mtungaji ni André Yav. Ni historia ya mji jinsi ulivyoonekana na mtu aliyesimama nyuma ya kiti na sinia mkononi, akisikia kila kitu. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville, ambao ndio Likasi ya leo, Hugh Tracey alimrekodi kijana Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa kwa vidole viwili kana kwamba wako watu watatu. Yeye na Edouard Masengo baadaye walifika Nairobi, na mzee yeyote wa Afrika Mashariki aliyekuwa na santuri wakati ule atakuambia ni nani waliowafundisha vijana wetu kulicharaza gitaa kavu. Kikundi cha Mufwankolo kiliigiza redioni na katika televisheni vituko vya nyumba za wafanyakazi: mshahara uliokunywewa, mama mkwe asiyeondoka, bosi asiyejua lugha.

Vijana wa sasa hawajalala. Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa Union Minière kutoka katika nyaraka, wamesimama kwa mistari na wengine uchi wa mwili, akawapachika katika picha alizopiga mwenyewe za viwanda vilivyokufa. Mfululizo huo ni wa mwaka 2006. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake walianzisha maonyesho yaliyoitwa Picha, kwa Kiswahili hivyohivyo. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa hapa mwaka 1981 na anayeishi Austria, alitoa mwaka 2014 riwaya ya Tram 83, juu ya baa moja katika mji wa migodi ambamo wachimbaji, wanafunzi na walaghai hukutana usiku. Imesomwa katika lugha nyingi. Nilipoitaja kwa mzee alisema hajaisoma, na kwamba baa hiyo anaifahamu.

Siku ya kuondoka tulipita karibu na mlima mweusi. Mwenzangu alinionyesha upande uliochimbwa. Tangu mwanzoni mwa karne hii mavi yale yenyewe yanayeyushwa tena, kwa maana wataalamu wamegundua kuwa ndani yake imebaki kobalti yenye thamani kubwa. Kila tuliyoyatupa yana bei, alisema, ila waliotupa hawapo kwenye mgao.

Mzee aliniruhusu kuipiga picha ile kwa simu. Aliweka sharti moja: niandike jina la jirani yake katika daftari langu, kwa kuwa mimi hutembea nchi, na nikikutana na mtu wa ukoo huo nimweleze kitu chao kilipo. Jina ninalo. Sitaliandika hapa.

Niliporejea nilikwenda nyumbani kumsalimu baba. Amestaafu sasa, analima kahawa kidogo na migomba. Nilimpa simu, nikamwonyesha. Alivaa miwani, akanitaka nimfundishe jinsi ya kuikuza, akaukuza uso wa yule askari mpaka ukajaa kioo kizima. Alinyamaza muda mrefu.

"Mchoraji alimwandika jina?" akauliza.

Nikamwambia hapana.

"Basi alimsitiri."

Nilitaka kumwuliza swali la yule mtoto, na nilikuwa nimejiandaa kwa siku tatu. Haikuhitajika. Baba alivua miwani, akaiweka simu juu ya meza ikiwa bado inawaka, akaanza kunieleza habari za mwaka wake wa kwanza kazini, habari ambazo sikupata kuzisikia hata siku moja, na mama akalazimika kupasha chakula moto mara mbili.